Ukuta wa Mlimani Uliomlalia Mume Wangu

Niliishia darasa la nne, lakini walioniulia mume nawajua: mwenyekiti wetu wa kitongoji na mganga aliyeletwa naye.

Juu ya mlima wetu, upande wa nyuma wa kijiji cha Ihanja, kuna ukuta mrefu wa mawe yaliyopangwa bila udongo, na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Wazee wa zamani walijificha nyuma yake na ng'ombe wao, wakikimbia wavamizi. Pale juu ya mwamba kuna vishimo vya mviringo, mistari miwili. Mganga akasema ni alama za Mjerumani wa enzi za ukoloni, eti amezika mali chini ya ukuta.

"Vile ni vinu vya mtama," nikawaambia. "Bibi yangu alinionyesha."

"Mama, umesoma wapi wewe?" mwenyekiti akacheka. Mume wangu naye akacheka.

Tulipomaliza kuvuna alizeti tukaanza kuchimba. Mume wangu shimoni, mimi natoa udongo kwa karai. Vilitoka vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya ng'ombe. Mganga akaagiza tutupe bondeni, eti Mjerumani kaweka uchafu kutudanganya.

Mchana mmoja ukuta ukaporomoka. Jiwe lilinivunja mguu. Mume wangu lilimlalia kubwa zaidi, ila nilimsikia: "Mama watoto, niondolee hili la kifuani."

Nikapiga yowe. Mwenyekiti, aliyekuwa akitusimamia, akaniziba mdomo.

"Nyamaza! Watu wakija tutafungwa wote. Tufiche vifaa kwanza."

Mganga alishateremka mbio. Mwenyekiti akabeba sururu na mitalimbo kwenda vichakani, hiyo hiyo mitalimbo ambayo ingeinua jiwe. Aliporudi, nilikuwa namwita mume wangu na haitiki.

Watu wakaambiwa ukuta ulimwangukia akitafuta mbuzi. Na mimi, kwa kuogopa jela, nikaitikia.

Mwaka huu wamekuja wataalamu wa mambo ya kale. Wanapiga magoti, wanasafisha vigae kwa brashi. Binti mmoja akaniamkia shikamoo, akauliza nani kabomoa ukuta.

"Mvua," mwenyekiti akadakia.

"Mvua gani ina sururu?" nikasema. "Tulibomoa sisi, mwanangu. Huyu alileta mganga, mume wangu akachimba, mimi nikabeba udongo. Na mume wangu alikuwa bado anaongea wakati huyu anaficha mitalimbo."

Mwenyekiti akaninong'oneza nirudi nyumbani nikapumzishe mguu. Nikachechemea mpaka kwenye lile jiwe lililomlalia mume wangu, nikamwambia binti aandike yote hayo.