Siku Niliyoonjeshwa Divai

Mpaka umri wangu ulipopita arobaini, divai niliyoijua ni ile ya meza ya Bwana, na hata hiyo haikuwa divai. Kanisani kwetu ni juisi ya zambarau inayomiminwa kwenye vikombe vidogo vya plastiki, kama vile vya dawa ya kikohozi. Nililelewa hivyo Makueni, nikaolewa hivyo, nikahamia Kitengela hivyo. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia Jumamosi tunaenda kuonja divai, nilidhani ananitania.

"Unapewa kidogo kidogo, kila glasi na chakula chake," akasema. "Hakuna kulewa. Wewe vaa tu vizuri."

Wiki hiyo ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka kumi na minane. Yeye huuza dawa za mifugo, anazunguka Kajiado nzima, leo Illasit, kesho Oltepesi, na kutoka wawili tulikuwa tumeacha zamani. Nilienda saluni. Nilinunua gauni la kijani sokoni, fundi akalipunguza kiunoni, nikalijaribu mbele ya kioo watoto wakipiga makofi. Furaha ile inaniudhi hadi leo, labda kuliko yote yaliyofuata.

Ilikuwa nyumba ya mawe mbele kidogo ya Isinya, unapoacha lami ya kwenda Kajiado na kushika barabara ya murram. Veranda ilitazama uwanda ambao siku hizi umekatwakatwa na seng'enge, punda milia wachache wamesimama upande usio wao. Wageni tulikuwa kama kumi, wengi wametoka Nairobi. Mwenyeji alikuwa mama wa Kimaasai, mtu mzima mwenye sauti ya kucheka, aliyejifunza mambo ya divai akifanya kazi hotelini ng'ambo, kisha akarudi kufungua biashara kwenye ardhi ya baba yake.

"Supai," akatusalimia.

"Ipa," tukajibu.

Akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili. "Karibuni tena."

Hilo neno "tena" nililisikia, nikaliacha lipite. Wafanyabiashara huongea hivyo.

Tulianza na divai nyeupe na vipande vya samaki. Mwenyeji akatufundisha kuzungusha glasi, kuingiza pua, ndipo tunywe. Mume wangu alikuwa ameshazungusha kabla hajaambiwa. Nikafikiri amejifunza kwenye zile semina za kampuni, na niseme ukweli, nilimwonea fahari. Divai yenyewe ilikuwa kali kama tunda la karakara lisiloiva. Lakini nilipoionja pamoja na samaki aliyekamuliwa ndimu, ikageuka, ikawa kitu kingine kabisa.

"Kumbe!" nikamwambia.

Akacheka, akanigusa bega. Nilikuwa na raha kweli.

Kisha zikaja sahani za jibini. Yangu ilikuwa tofauti na za wengine, na mwenyeji akainama kunieleza.

"Wewe dada nimekuwekea ya ng'ombe. Mara ile hii ya mbuzi ulikataa kabisa, ulisema inanuka beberu!"

Meza nzima ikacheka. Mimi sikuwa nimewahi kukanyaga pale. Nikamgeukia mume wangu, nikingoja aseme, mama, umetuchanganya na wengine. Alikuwa anaitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mtu asiye na lake angecheka pamoja na wengine. Hapo nikajua.

"Uko na kumbukumbu nzuri," nikamwambia mwenyeji. Sauti yangu ilitoka bila kutetemeka, sijui ilitoka wapi. "Na siku hiyo nilipenda divai gani?"

"Ile tamu ya mwisho! Si mlibeba hadi chupa? Na viatu vikakushinda, mzee akakubeba mgongoni mpaka kwa gari. Tulicheka!"

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwa nimesahau."

Mimi mume wangu hajawahi kunibeba. Hata nilipotoka kujifungua, na mvua imegeuza barabara ya kwetu tope, nilitembea nimemshika mkono huku nikikanyaga polepole. Lakini yule mama hakuwa na kosa, na wale wanawake wa Nairobi walikuwa wananitazama kwa tabasamu, wakinihusudu. Ningesema nini? Nikanyoosha mkono, nikachukua jibini ya mbuzi kwenye sahani ya mume wangu, nikaila yote. Sikuona ubaya wake.

Ikaja divai nyekundu na nyama ya mbuzi ya kuchoma. Ilikuwa chungu, inakausha ulimi, na tuliambiwa mafuta ya nyama ndiyo yanayoilainisha. Kwangu haikulainika. Ile tamu ya mwisho nilipoletewa, niliifunika glasi kwa kiganja, nikasema nimetosheka.

Garini nilingoja mpaka tulipoishika lami.

"Ni nani?" nikauliza.

"Ni mtu wa Embulbul. Iliisha."

"Na kwa nini unilete hapo hapo?"

Nilidhani atadanganya, na nadhani ningeupenda uongo.

"Palikuwa pazuri," akasema. "Niliona si haki wewe usipaone."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakunipeleka kwa dharau. Alinipeleka kwa huruma, kama mtu anayekubebea nyumbani chakula kilichobaki kwenye sherehe ambayo hukualikwa.

Habari ilipofika kanisani, wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakaniuliza kama nimemfumania. Nikasema hapana. Basi samehe, wakasema, mwanaume amekiri. Mama yangu naye alinipigia simu kutoka Makueni akaniambia nifikirie watoto. Nikafikiria watoto. Nikabaki.

Siku hizi mume wangu anarudi mapema. Anamwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, anawasaidia watoto hesabu, ananiuliza kama ninahitaji kitu mjini. Majirani wananiambia nina bahati. Ninampikia, ninamwekea chakula mezani, kisha ninakula jikoni nikiwa nimesimama, na hajawahi kuniuliza kwa nini. Wakati mwingine ninamsikia akikohoa kule sebuleni, na ninangoja nione kama nitamhurumia.

Bado sijamhurumia.