Likizo ya Juni na Mkeka wa Mama

Sisi tuliokulia Mchinga kabla simu hazijaanza kutupangia maisha tuliijua likizo ya mwalimu ilivyo, maana mwalimu mwenyewe ndiye aliyetupikia uji kila asubuhi. Mama alifundisha shule ya msingi, na shule zilipofungwa mwezi wa Juni hakwenda "kula bata". Neno hilo halikuwepo. Bata alikuwepo, lakini alikuwa wa bibi, na alikuwa mkali.

Walimu wa leo nawaona. Shule ikifungwa Ijumaa, Jumamosi mwalimu yuko ufukweni Kilwa amevaa miwani nyeusi, anapigwa picha ameshika dafu ambalo hatalimaliza. Ukimuuliza huko Kilwa alikula nini, anakujibu chipsi. Chipsi! Mtu anapita pwani yote hii ya changu na pweza, anakwenda kula viazi vilivyosafirishwa kutoka Njombe. Na watoto ndiyo usiseme. Asubuhi wamefungiwa kwenye masomo ya ziada, jioni wamejilaza kochini wakitazama watu wengine wakicheza mpira. Ukimtajia kijana wa siku hizi mkeka, anadhani unazungumzia kubashiri timu.

Mimi nazungumzia mkeka wa ukindu, ule wa kukalia.

Katika ukoo wa baba yangu kulikuwa na desturi moja. Binti akiolewa, mkeka anaokalia bwana harusi wakati wa kufunga ndoa huletwa na mke wa kaka mkubwa wa bibi harusi, na sharti awe ameusuka mwenyewe. Mwaka mmoja ikawa zamu ya mama, maana baba ndiye aliyekuwa kaka mkubwa. Shangazi yangu mdogo, Mwanahamisi, alikuwa anaolewa na kijana wa Kilwa Kivinje mwishoni mwa likizo. Tatizo ni kwamba mama alizaliwa Nyangamara, kwa wakulima wa korosho. Jembe alilijua, chaki aliijua, ukindu hakuujua kabisa. Na dada mkubwa wa baba, Shangazi Zuhura, ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka sokoni, alihakikisha kila mtu analifahamu hilo.

"Wifi, usijisumbue," alimwambia mama mbele ya wanawake waliokuja kukuna nazi. "Lindi sokoni mikeka ipo tele. Nunua. Sisi tutasema umesuka, na Mungu atatusamehe uongo wetu."

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka, lakini nazi aliyokuwa anaikuna aliikuna mpaka akafika kwenye kifuu. Hata mimi mtoto nilielewa. Akinunua, atabaki mgeni wa kutoka bara katika nyumba ile mpaka uzee wake.

Kesho yake tukafunga safari ya Sudi, kwa Mwalimu Somoe, rafiki yake wa tangu chuo cha ualimu. Tulipanda juu ya lori la chumvi mpaka Lindi, tukapata gari jingine, na mwisho tukatembea kwa miguu, vikapu kichwani. Njiani tulinunua ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, tukaila kwa chumvi na pilipili mpaka midomo ikawaka. Hakuna aliyetupiga picha, na hata hivyo tulifika.

Sudi ilikuwa raha. Maji ya bamvua yakipwa tuliwafuata kina mama miambani kuchokoa pweza, tukarudi tumechanjwa miguu na hatulii, kwa sababu anayelia hapewi mkia wa pweza. Alasiri tulicheza rede na watoto wa pale, ambao waliigiza matamshi yetu ya Kimachinga na sisi tukaigiza yao. Watoto wa leo wakichubuka goti kidogo wanapelekwa hospitali na mashuhuda watatu.

Wale walimu wawili walikaa ukumbini wakifanya kazi. Kwanza ukindu ulichemshwa kwenye debe pamoja na rangi nyekundu. Ulipoiva, Mwalimu Somoe akasema, "Sasa uusuuze mpaka maji yatoke meupe. Rudia na kurudia, halafu uanike kivulini."

"Likizo inakwisha, Somoe," mama akamjibu. Akausuuza mara moja, akauanika juani.

Ndivyo walimu walivyo. Wakibanwa na muda wanamaliza silabasi kwa kuruka sura.

Kisha zikaja siku za kusuka. Mama alisuka, akafumua, akasuka tena.

"Mwalimu mwenzangu," Somoe alimwambia, "vidole vimekakamaa kama umeshika chaki. Legeza!"

"Na wewe unafundisha kama unachapa. Punguza."

Wakaangua kicheko, kazi ikaendelea. Taratibu ukili, utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ukanyooka, ukarefuka, mama akaanza kuimba peke yake, nasi tukajua mambo yameiva. Tuliporudi Mchinga mkeka ulikuwa umeshashonwa, mwekundu na mweupe, pembe zake zimekaa sawa.

Siku ya ndoa, kama ilivyokuwa kawaida, wanawake waliufagia ua wakaunyunyizia maji kutuliza vumbi. Shangazi Zuhura akaupokea mkeka. Akaugeuza chini juu. Akavuta mishono. Akaunusa. Alikuwa anatafuta harufu ya duka, na kila mtu alijua. Akautandika kwa mkono wake mwenyewe, mbele kabisa, juu ya mchanga ulio mbichi.

Bwana harusi akaja na kanzu yake nyeupe, akakaa. Sheikh akasoma, ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa. Kijana akainuka kuwashika mikono wazee. Vigelegele vikakatika. Nyuma ya kanzu yake, kuanzia kiunoni kushuka, palikuwa pamejaa vyumba vyumba vyekundu, mkeka mzima umejichora pale.

"Jamani," shangazi yake mmoja wa Kivinje akasema kwa sauti, "tumekuja harusini au machinjioni?"

Mama akaziba mdomo kwa kanga, akageuka aingie ndani. Nilitamani ardhi inifiche badala yake.

"Wifi, kaa hapo hapo!" Ilikuwa sauti ya Shangazi Zuhura. Akajifunga kanga kiunoni, akawageukia wageni. "Bibi we, rangi inachuja kwa sababu mkeka umesukwa juzi, kwa mikono ya mke wa kaka yetu. Wa kununua usingechuja. Huyu mwanenu tumemtia alama. Akipotea huko Kivinje, sisi watu wa Mchinga tutamjua kwa nyuma!"

Ua mzima ukalipuka. Bwana harusi mwenyewe akageuka akawaonyesha wazee mgongo, na mzee mmoja akacheka mpaka akashikwa kikohozi. Tangu siku hiyo Shangazi Zuhura hakumwita tena mama mtu wa bara. Alianza kumsema vibaya kila siku, kama alivyowasema dada zake wa tumbo moja, na mama aliyapokea matusi yale kama mtu aliyevishwa pete.

Juni iliyopita aliolewa binti wa mdogo wangu, Lindi mjini. Mke wa kaka mkubwa wa bibi harusi ni mwalimu, na likizo nzima ilikuwa mikononi mwake. Nikampigia kumuuliza habari za mkeka.

"Ba'mkubwa, mambo hayo yamepitwa bwana," akasema. "Ukumbi una kapeti lake. Wewe njoo tu upendeze."

Nikaenda, nikapendeza. Vijana walinisalimia "shkamoo" macho yakiwa kwenye simu, na marahaba yangu ikaishia hewani. Bwana harusi alikalishwa kwenye kiti cha kukodi chenye dhahabu ya kupaka. Yule mwalimu alirekodi kila kitu, mpaka sahani ya pilau kabla haijaguswa. Shughuli ilipokwisha kijana akainuka, kanzu nyeupe pe, mbele na nyuma, akaingia kwenye gari wakaelekea Dar es Salaam. Hakuna wifi aliyetetewa, wala shangazi aliyejifunga kanga. Ni mkwe wetu sasa, na nikikutana naye barabarani kesho sitamjua, si kwa mbele wala kwa nyuma.