Nilifuta "Kogo" Bila Kuuliza Kogo ni Nani

Mimi ndiye niliyefuta. Naanza hapo kwa sababu miezi yote hii nimekuwa nikianzia kwingine. Nimesema seva ilikuwa na hitilafu. Nimesema stima zilipotea. Nimesema kuna mtu aliondoka na kinyongo. Uongo mtupu! Ni mkono wangu huu huu ninaoandika nao.

Nisikilize mpaka mwisho, halafu unihukumu utakavyo. Sina wa kumwambia hapa nyumbani.

Nafanya kazi katika ofisi moja mjini Kericho. Tunawajibu wakulima wa majani chai na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa simu. Mkulima anatuma ujumbe, mashine ya akili bandia inamjibu. Sasa, mashine hiyo haijui lolote kuhusu Kericho wala Bomet mpaka iambiwe. Kwa hivyo tunaiandikia maagizo mapema: jibu kwa upole, usitaje dawa bila kumtuma mtu kwa daktari wa mifugo, na mengine kama hayo. Maagizo hayo tunayaita violezo. Vinakaa kwenye seva, kila kimoja na jina lake, na kimoja kinaweza kuingizwa ndani ya kingine. Ukigusa kimoja, majibu ya wakulima wote yanabadilika papo hapo.

Mwenye ufunguo wa kuvigusa nilikuwa mimi peke yangu. Kisha mkurugenzi akampa ufunguo mwenzangu, Cherono, msichana wa Ndanai aliyeajiriwa nyuma yangu. Sikuulizwa. Niliambiwa tu kwamba sasa tuko wawili.

Lazima ujue mimi ni mtu wa aina gani. Mimi hushuku. Nikimiminiwa chai, naangalia kwanza kama kuna mwingine amekunywa kutoka chupa ile. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, baba akafanya kazi kiwandani, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Nimeishi huku maisha yangu yote, lakini Kipsigis yangu ni chamgei ya salamu na kongoi ya asante, basi. Watu wawili wakiongea Kipsigis karibu nami wakacheka, najua wananicheka mimi. Hata kama wanaongea kuhusu mvua!

Siku moja nikaona kwenye seva kiolezo kipya. Jina lake: kogo. Kila kiolezo kinatakiwa kiwe na maelezo mafupi ya kazi yake, lakini hiki hakikuwa na hata neno moja. Nikakifungua. Kipsigis kutoka juu mpaka chini. Tena kilikuwa kimeingizwa ndani ya kiolezo kikuu, kile ambacho kila ujumbe wa mkulima lazima upitie.

Na Kogo mimi nilimjua! Huku kwetu Kogo ni jina la mwanamume, na niliyemjua mimi alikuwa anauza chakula cha ng'ombe kule Siongiroi. Alikuwa amekuja ofisini mara mbili kuomba mashine yetu iwatajie wakulima chakula chake, na mkurugenzi akamkatalia. Mara ya pili, akitoka, alimsalimia Cherono kwa Kipsigis na wote wakacheka. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajiambia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Saa ya chakula cha mchana Cherono alikuwa anasimama dirishani na simu. Kogo hivi, Kogo vile, kongoi Kogo, huku anaandika kwenye daftari. Nilikaa na githeri yangu mpaka ikapoa, nikihesabu mara ngapi amelitaja jina hilo. Nikaanza kusoma majibu ya mashine moja moja, na kila nilipoona limetajwa neno la chakula cha ng'ombe, nililipigia mstari. Ni kweli wakulima ndio waliokuwa wameuliza kuhusu chakula cha ng'ombe. Hilo sikulipigia mstari.

Ningemuuliza mwenyewe. Meza yake ilikuwa hatua nne kutoka yangu! Ningemwomba Bett, askari wetu wa langoni, anitafsirie kile kiolezo. Lakini Bett hunywa chai na Cherono, nikaona naye yumo. Hata mashine yenyewe ningeiambia initafsirie, ni kazi ya dakika moja. Unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba Cherono ndiye aliyeifundisha, kwa hivyo itanificha. Niliishuku mashine, jamani!

Nikaenda kwa mkurugenzi. Nikamwambia Cherono ameuza mashine yetu kwa mfanyabiashara, na jina la mfanyabiashara liko kwenye seva mchana kweupe. Mkurugenzi ni mtu mwoga wa kashfa. Aliniambia nichunguze nimletee ripoti. Niliandika ripoti kwa siku moja, nikakibandika kile kiolezo mwishoni kama ushahidi, na mahali pa kuandika "nashuku" nikaandika "nimethibitisha".

Cherono alikuwa Ndanai wiki hiyo, kuzunguka na wakulima. Barua ya kumwachisha kazi alitumiwa kwenye simu, na ufunguo wake ukazimwa kabla hajaisoma. Alinipigia, sikushika. Alipiga tena, sikushika. Mwishowe akatuma ujumbe: "Madam, tafadhali usiguse kogo kabla hatujaongea."

Ona! nikasema. Hata sasa anamtetea!

Nikakifuta siku hiyo hiyo. Tena sikuishia hapo. Seva yetu huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani kafanya nini na lini, ili kitu kikiharibika kirudishwe. Nilifuta na kumbukumbu hizo pia, ili Cherono asije akatafuta njia ya kukirudisha. Nilijiona nimelinda ofisi.

Hakuna kengele iliyolia. Kiolezo kikuu kilifika pale kogo alipokuwa, kikakuta patupu, kikapita. Mashine ikaendelea kujibu, tena kwa Kiswahili kizuri sana.

Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja kutoka Chepalungu. Mvua ya mchana ilikuwa imemkuta njiani, leso imelowa. Hakukubali kiti. Alitoa chupa ya plastiki akaiweka juu ya meza yangu, na ndani yake kulikuwa na maziwa ya rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Kisha akanipa simu yake nisome.

Alikuwa ameandika: "Ng'ompe yangu inatoa masiwa ya tamu. Nifanye nini?" Mashine yetu ikamjibu: hongera, maziwa matamu ni dalili ya lishe bora. Kesho yake akaandika: "Tamu imesiti." Mashine: vizuri sana, endelea na lishe hiyo hiyo. Siku ya tatu: "Sasa ni tamu tupu." Mashine ikamwambia familia yake itayafurahia maziwa hayo.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Wengi ambao Kipsigis ndiyo lugha yao ya kwanza, t na d kwao huingiliana, p na b vivyo hivyo, s na z pia, kwa mdomo na hata kwa kuandika. Yule mama hakuandika tamu. Aliandika damu. Ng'ombe wake alikuwa anatoa damu kwenye maziwa, anaugua kiwele, na sisi tulimpigia makofi siku tatu. Daktari wa mifugo alipofika kiwele kilikuwa kimeoza. Ng'ombe alikufa. Alikuwa mmoja tu.

Na mimi nililijua jambo hilo la t na d! Nimelisikia tangu nikiwa mtoto! Ila si mimi niliyekuwa nikijibu, na mashine haikuwa na mtu wa kuiambia.

"Mimi si mjinga," yule mama alisema, bila kupaza sauti. "Kama hamkutaka kunijipu, mngenyamasa. Mpona mlinicheka?"

Bett alikuwa amemsindikiza ndani, wakaongea kidogo kwa Kipsigis, kisha akanigeukia. Akasema mama anashangaa, kwa sababu zamani ile mashine ilikuwa inamuuliza maswali taratibu mpaka imuelewe, kama kogo wake.

Nikashtuka. "Kogo gani huyo? Yule wa Siongiroi?"

Bett aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Kogo ni nyanya, madam," akasema. "Nyanya yako, nyanya yangu, mama ya mama. Kuna watu wanaitwa hivyo, sawa, lakini kogo ni nyanya. Umekaa hapa hii miaka yote na hujui?"

Nilikaa chini. Nakala moja ilikuwa imebaki, ile niliyoibandika kwenye ripoti. Yule mama alipokwisha kwenda, nilimwomba Bett anisomee. Alinisomea polepole, mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Ilikuwa orodha ya maneno jinsi nyanya yake Cherono wa Ndanai anavyoyatamka: tawa ni dawa, gupe ni kupe, tamu huenda ni damu. Yule aliyekuwa akimpigia saa ya chakula ni bibi kizee, anamuuliza maneno! Na chini kulikuwa na maagizo: mtu akisema maziwa yake ni tamu, usimpe hongera, muulize kwanza kama ni mekundu. Usimcheke. Usimsahihishe.

Bett alipofika hapo aliinuka, akarudi langoni kwake.

Waliosema majuto ni mjukuu walinijua. Yangu ni mjukuu wa Ndanai.

Sasa ungedhani nilienda kwa mkurugenzi nikapiga magoti. Ole wangu! Aliponiuliza kilichotokea, nilimwambia Cherono lazima alikifuta kiolezo mwenyewe kwa hasira kabla ya kuondoka. Kumbukumbu za kunipinga hazikuwepo, si nilizifuta? Yule mama nikamwandikia barua ya pole yenye muhuri wa ofisi. Kisha nikakirudisha kogo mahali pake. Na kwa kuwa ni mimi niliyekirudisha, seva inaonyesha mwandishi wake ni mimi. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wenzangu kwa kuwaelewa wakulima wa kawaida. Walinipigia makofi, nami nikainuka nikashukuru.

Bett anajua. Hasemi kitu. Ananifungulia lango na kunisalimia kama kawaida, na kila asubuhi namkagua usoni nione kama leo ndiyo siku atakayosema. Chai yake sinywi tena.

Mwezi uliopita ofisi moja ya Kipkelion ilinipigia simu. Walitaka kumwajiri Cherono, wakataka kujua alikuwa mfanyakazi wa namna gani. Hapo ndipo Mungu aliponipa mlango. Sentensi moja tu! Nikasema, "Huyo? Huyo afadhali nisiseme kitu." Unajua maneno hayo yana maana gani huku kwetu. Hawakumchukua. Niliogopa kwamba nikimsifu wataniuliza basi kwa nini alifutwa.

Nilikosa usingizi, nikakosa hamu ya kula. Wiki iliyopita, siku ya soko, nikaenda Ndanai. Nilimkuta Cherono akiuza mboga pamoja na nyanya yake. Yule bibi aliposikia mimi ni madam wa ofisini, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanimiminia mursik, maziwa ya kuganda, kutoka kibuyu alichokuja nacho. Niliinywa. Ilikuwa ngumu kushuka.

Nikamwambia Cherono yote. Jina, ripoti, kufuta, ng'ombe wa yule mama, uongo, makofi, simu ya Kipkelion. Nililia pale sokoni, mwanamke mzima. Yeye alikuwa anafunga sukuma wiki kwa kamba, fungu baada ya fungu, hakuacha. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Umeambia director?"

"Bado," nikasema.

"Basi hujaniambia kitu, madam." Akamgeukia mteja.

Ndugu yangu unayesoma, kama umepewa ufunguo wa kufuta kazi ya mwenzako, muulize kwanza neno usilolielewa. Kuuliza hakukuvunji mguu. Na kama umeishi kwa watu miaka mingi na hujui wanavyomwita nyanya, usijifanye unajua wanavyoiba. Mimi nilimshuku kila mtu katika ofisi ile isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa mwizi.

Nimeandika haya bila jina. Mhariri, tafadhali usilitafute. Nimejiambia kwamba nikishayatoa hadharani nitapata nguvu ya kwenda kwa mkurugenzi, Jumatatu, au baada ya Jumatatu. Cherono akiyasoma atajua ni mimi. Na atajua bado sijamwambia kitu.