Ofisi ilimtaka ahame, Timazi akapanda kufunga gata

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kwenda kibaruani, mwashi mmoja yuko juu ya ngazi nyuma ya nyumba yake, anafungua skrubu alizozikaza mwenyewe Jumapili. Mtaa mzima unamwita Timazi, kwa jina la kamba anayopimia kuta. Chini, mkewe ameishika ngazi kwa mikono miwili na hapepesi macho. Mwanamume mwenye mtu wa kumshikia ngazi huwa haujui utajiri wake.

Gata mpya, mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, hatua kumi na moja kutoka kona hadi kona, imejaa maji ya mvua ya jana. Yametulia tuli. Yaliyozidi yamefurikia ukutani, kulekule yalikokuwa yakimwagika zamani.

"Mzee, niliomba gata, wewe umenijengea bwawa," mkewe anasema.

Timazi hacheki. Miaka thelathini amejenga kuta za watu, na pima maji yake haijawahi kumwongopea. Jumapili aliilaza gata kwa pima hiyohiyo, kipovu cha ndani yake kikakaa katikati, akashuka kifua mbele. Asiyejua kupima labda angeipatia, maana gata hutakiwa iinamie upande wa bomba la kushushia maji, kidole kimoja kila hatua tatu.

"Mkono ulikataa," anakiri. "Maisha yangu yote, kitu kilichopinda nakibomoa. Leo nipindishe kwa makusudi?"

Lakini muda hana. Leo ni Jumatano. Ijumaa mkaguzi wa ofisi yenye nyumba anakuja, na akikuta ukuta unachuruzika, familia inatolewa.

Nyumba ni ya ofisi inayowapangishia wafanyakazi. Vyumba viwili tu, na kodi inakatwa kwenye ujira wake hata kabla hajauona. Gata ya zamani ililiwa na kutu miaka minne iliyopita. Chumba cha nyuma analala mama mkwe wake, ambaye hanyanyuki. Kitanda chake kimesogezwa mara tatu kuukimbia ukuta, na sasa hakuna tena pa kusogea.

Timazi aliiandikia ofisi barua nne. Ya kwanza waliipoteza. Ya pili wakasema fundi yuko likizo. Mbili za mwisho hazikujibiwa kabisa, maana hawa wakubwa wetu karatasi ya mnyonge ni ya kujaribia kalamu. Siku walipopata sauti walibandika tangazo mlangoni: ukuta una unyevu, nyumba haifai kukaliwa, wapangaji wajiandae kuhama. Wao ndio waliouacha uoze, halafu wakaulaumu ukuta.

Akanunua gata kwa ujira wa siku kumi na nne.

"Nimewajengea watu nyumba hata idadi siijui," anasema. "Nishindwe na maji ya paa langu?" Kisha anaushusha upande wa bomba na kukaza skrubu upya.

Ijumaa ikafika na mvua yake, na mkaguzi akafika na mwavuli na faili. Timazi alimkaribisha kwa adabu zote, akamsimamisha nyuma ya nyumba, wakatazama. Maji yalikimbia ndani ya gata, yakashuka na bomba, yakaingia kwenye pipa. Ukutani halikushuka tone.

Mkaguzi akafunua faili. Akasema gata imefungwa bila kibali, iondolewe leo hii. Timazi akamsogezea ngazi.

"Panda, bosi wangu. Mimi nitakushikia."

Mkaguzi akaviangalia viatu vyake, akaiangalia ngazi. Majirani waliokuwa madirishani hawakujisumbua kuficha kicheko. Akaandika kwamba ukuta unakauka, utakaguliwa tena baada ya miezi sita, akaenda zake.

Miezi sita si hati ya nyumba, na Timazi analijua hilo. Lakini safu yao ina nyumba kumi na mbili, na tisa kati yake gata zimeoza. Amewaambia majirani wanunue bati, yeye atawafundisha namna ya kuinamisha. Hatamfungia mtu, kila mmoja atapanda mwenyewe. Jumapili anaanza na dobi wa nyumba ya mwisho, ambaye ameshaing'oa mbovu yake kabla hata ya kupata mpya.

"Wakitaka kutuhamisha watafute sababu nyingine," anasema Timazi, akifuta mikono kwenye suruali. "Hii ya ukuta tumeshawanyima."