Kitovu Changu Kwenye Kopo la Rangi

Juzi nilimwaga udongo wa ua langu la sebuleni, na ile harufu ya udongo uliolowa mpaka ukaoza ikanipanda puani. Nilikaa chini palepale sakafuni. Mtu mzima mimi, mama wa mtoto, moyo ukanienda mbio kama nina miaka saba.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kipawa. Ua lilikaa ndani, karibu na dirisha, kwenye kopo kubwa la rangi: majani marefu, magumu, yamesimama wima, yana ukingo wa njano. Mama alilipenda kwa sababu halikuwa na makuu. Ukilisahau hata mwezi mzima, ukirudi unalikuta lipo vilevile. Lakini lilikuwa na jambo lake. Nilipozaliwa na kitovu kikadondoka, bibi alitaka kipelekwe Lindi, kizikwe chini ya mnazi kama cha mama. Mama akagoma, alitaka nikae naye karibu. Uwani kwa mwenye nyumba kulikuwa na saruji tupu, basi akakizika kwenye lile kopo. "Wewe umo mle," alikuwa akiniambia, na mimi nilimwamini neno kwa neno.

Nilipoanza darasa la kwanza nikakabidhiwa kazi ya kulimwagilia. "Kikombe kimoja Jumapili, basi," alisema. Hebu fikirini: mimi nakunywa maji kutwa, halafu mimi yule wa kwenye kopo nishindie kikombe kimoja wiki nzima? Niliogopa nitakufa kwa kiu. Nikawa nalimwagilia asubuhi kabla ya shule, na jioni nikitoka kucheza, tena jioni nalimwagia maji ya mtungini, ya baridi.

Jani la kwanza likageuka njano. Nikaongeza maji. La pili likalegea shinani, ukilishika linabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na ile harufu ikaanza. Wiki hiyohiyo, jamani, jino langu la mbele likaanza kucheza. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Ua linaoza shinani, na mimi naoza shinani. Niliacha kuruka kamba, niliacha kutafuna miwa, nikawa nalizuia jino kwa ulimi darasani hadi mwalimu akadhani nimenuna. Niliogopa hata kulia, nisije nikajimaliza.

Jumamosi moja jino likabaki kwenye andazi. Nilipiga ukelele, mama akaja mbio na mwiko mkononi.

"We mtoto, una nini?"

"Mama, nakufa."

"Nani kakwambia?"

"Ua linaoza. Na mimi nimeanza kung'oka."

Mama akatazama andazi, akatazama kopo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Jino la utoto hilo, mwanangu! Na hili ua umelizamisha tu."

Akatandika kanga, akamimina udongo wote. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Alikata jani moja lililobaki gumu, akaliweka pembeni, kisha akauanika udongo juani na kuukalia macho kutwa nzima, akifukuza kuku wa jirani. Hapo alikuwa ameacha kucheka. Ulipokauka aliuchambua kwa vidole, donge kwa donge, akaurudisha koponi, akakung'uta kanga juu yake isibaki hata chembe. Ndipo akalichomeka lile jani.

Nilidhani anatafuta mizizi iliyooza. Tulihama Kipawa, tukahamia Ukonga, tukahama tena. Kila mara vitu vyote vilipakiwa nyuma ya kigari cha kirikuu, lakini kopo alilipakata mwenyewe. Nilikuja kuelewa nilipojifungua, nami nikiwa kwenye nyumba ya kupanga. Siku ile ya andazi, mwoga mle ndani hakuwa mimi peke yangu. Mama hakuwa na kipande kingine cha ardhi ambacho angeweza kusema ni cha mwanawe.

Juzi binti yangu alisimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi, akinitazama nikichambua udongo juu ya kanga. Na kitovu chake kimo mle, pamoja na changu.

"Mama, nimeliua?"

Nilijaribu kucheka kama mama. Vidole vyangu vikaendelea kutafuta.