Nilivyokula Ukuta wa Kanisa

Nilipokuwa mtoto kule Burat, nilikula ukuta wa kanisa. Sisemi nililamba. Nilikula, tena wakati wa maombi, wenzangu wamefumba macho na mimi kidole kiko ukutani. Mungu anisamehe.

Kanisa letu lilikuwa la fito na udongo, mabati juu. Watoto tulikaa chini, kona ya nyuma, na mvua ikinyesha kona ile ililowa, ikatoa harufu iliyonijaza mate kuliko nyama ya Krismasi. Nyanya yangu, ndiye aliyenilea, alikuwa na maelezo yake. "Si wewe unayetaka," aliniambia. "Ni njoka." Katika Kimeru chetu nyoka wa porini na minyoo ya tumboni ni neno moja. Wazee waliamini kila mtu amezaliwa na njoka wake, na huyo ndiye anayeamrisha: leta sukari, leta udongo, kasirika, lala. Asiposikilizwa, anauma. Mimi nilifurahi kusikia hivyo. Nani hapendi kuwa na mwingine wa kusingizia?

Basi nikamtii njoka wangu, mpaka Jumapili moja mwanga ukapenya pale nilipokuwa nikibandua.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya Shifta, waasi waliotaka kaskazini yetu ijitenge, na tundu ukutani halikuwa tundu tu. Mzee wa kanisa aliliona baada ya ibada, akaita askari waliokuwa wakipita doria. Sajini akaingia, akainama, akachungulia. Upande wa pili akakutana na jicho.

Lilikuwa jicho la Mzee Guyo, Mborana aliyetuuzia maziwa. Kila Jumapili alikaa kwenye kivuli cha ukuta ule akingoja tutoke, na mimi alinipa povu lililobaki kwenye kifuniko. Askari wakamleta ndani.

"Unachungulia nini, wewe?"

"Nachungulia wewe, Afande. Si wewe ndio ulianza?"

Watu wakacheka. Sajini hakucheka. "Umetoboa ukuta uwapelekee Shifta habari. Panda lori."

Kicheko kikafa. Tulijua watu waliopanda lori lile. Wake zao walishinda kwenye lango la kambi wakiuliza, na hawakujibiwa. Mzee Guyo akaweka chombo chake chini polepole, akamwambia mama aliyekuwa karibu, "Maziwa isiharibike. Gawia watoto."

Neno hilo lilinichoma. Nikasimama.

"Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ukuta."

Sajini akamgeukia mzee wa kanisa. "Hapa mnafundisha watoto uongo?" Kisha kwangu: "Haya, kula nione."

Nikaenda kwenye tundu, nikabandua kipande, nikatafuna. Kilikuwa kitamu, siwezi kudanganya. Nikabandua kingine bila kuambiwa.

Hapo Nyanya akaja mbio kutoka upande wa wanawake, na Kiswahili chake cha shida. "Afande, usipige mtoto! Si yeye! Ni nyoka! Iko ndani!"

"Ndani wapi?"

Akaninyooshea kidole, nami tundu lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Askari mmoja akaruka juu ya benchi. Mwingine akalielekezea tundu bunduki, huku akirudi nyuma. Mzee wa kanisa, aliyekuwa ametoka kuhubiri kwamba hatuogopi kitu, alikuwa keshatoka kwa dirisha.

"Ya tumbo!" Nyanya akapiga kelele. "Nyoka ya tumbo, nyinyi wanaume!"

Mzee Guyo alicheka mpaka akakaa chini. Sajini alijikaza, lakini mabega yakamsaliti. "Mzee, chukua maziwa yako, enda," alisema alipopata pumzi. "Na huyu apelekwe hospitali kabla hajamaliza kanisa."

Mzee Guyo hakuenda. Aliwamiminia askari maziwa kwanza, yule wa kwenye benchi akitaniwa kila akinyanyua kikombe.

Hospitalini nilipewa dawa chungu. Muuguzi akamweleza Nyanya kwamba minyoo hunyonya damu, na mwili uliopungukiwa damu huanza kutamani udongo. Nyanya akajibu, "Na mimi nilisema nini?" Baada ya wiki kadhaa nilikaa tena kona ile. Ukuta ulinukia ukuta tu.

Nimezeeka sasa. Juzi juzi nilimsikia daktari redioni akisema wako vimelea wanaofika hata kwenye ubongo wa mtu, na kwamba wataalamu bado wanachunguza jinsi wanavyoweza kugeuza tabia yake. Nikamkumbuka Nyanya, nikacheka peke yangu. Hakuwa mbali. Lakini kuna jambo huwa nalirudia nikiomba. Kama njoka ndiye aliyekuwa bwana wa mdomo wangu, nani alisema "Ni mimi"? Nina imani yangu juu ya hilo, na sikulazimishi.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Ukimkuta mtoto anakula udongo, usimchape. Mpeleke zahanati.