Baba Saba Ndani ya Boksi la Sabuni

Majuzi nilimpeleka mjukuu wangu kwa kinyozi hapa Ngara mjini, na ile harufu ya poda na spiriti ikanishika mlangoni. Nikasingizia kizunguzungu, nikakaa nje. Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa kinyozi, na harufu hiyo ndiyo aliyokuwa akirudi nayo nyumbani kila siku ya gulio.

Tuliishi Kasulo, katika kijiji cha ujamaa. Vita vya Kagera vilipoanza, baba akaenda na mgambo wenzake. Alituachia vioo viwili vya kazi, kimoja cha kumwonyesha mteja uso na kingine kisogo, na picha moja aliyopigwa Biharamulo, amesimama wima, mikono ameibana mapajani utadhani kakatazwa kupumua. Mama alivifunga vyote kwenye khanga, akavisukuma chini ya kitanda, akatuonya tusiviguse. Mimi nilikuwa na miaka kumi na ubishi wa kuwatosha watu watatu.

Mdogo wangu Domi alikuwa na miaka minne, na alikuwa ameanza kumsahau baba. Siku moja aliniuliza kama baba ana ndevu. Jamani, iliniuma! Basi nikaamua kumtengenezea baba. Mwalimu alikuwa ametuonyesha jinsi mshumaa mmoja mbele ya vioo unavyogeuka mishumaa mingi. Nikaunganisha vile vioo kwa kitambaa na uji wa muhogo, vikawa vinafunguka kama daftari. Nikavisimamisha ndani ya boksi la sabuni, picha nikaielekeza kwenye vioo, nikatoboa tundu la kuchungulia, juu nikaacha wazi mwanga uingie. Kadiri nilivyovibana ndivyo baba alivyoongezeka. Nilipofika baba saba nikaridhika.

Domi alichungulia. Kisha akauliza hao wengine ni nani. Nami, kwa kimbelembele changu, nikamwambia ni askari aliorudi nao. Akachomoka mbio. Nilibaki nacheka peke yangu, sikujua kwamba anakwenda shamba la kijiji, ambako mama alikuwa akilima na wanawake wenzake.

Nilisikia vigelegele kwanza. Halafu nikamwona mama anakuja anakimbia, peku, khanga imemdondoka njiani na hajageuka kuiokota. Mama yangu hakuwa mtu wa kukimbia, majirani walimtania kwamba hata mvua humsubiri afike. Alinipita, akatazama nyuma ya mlango, akaingia chumbani, akazunguka nyuma ya nyumba, huku akimwita baba kwa jina lake. Sikuwahi kulisikia jina lile kinywani mwake. Siku zote alimwita Baba Stela, kwa jina langu mimi, kama mke mwenye adabu anavyomwita mumewe.

Domi ndiye aliyemwonyesha boksi. Wanawake walikuwa wameshajazana mlangoni. Nilikaza mgongo kungoja fimbo.

"Nionyeshe na mimi," mama alisema.

Akapiga magoti, akaweka jicho kwenye tundu, akakaa hapo muda mrefu. Wale wanawake waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Aliyebaki ni jirani yetu Mama Adela, ambaye peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa ameiokota khanga ya mama, anaikung'uta vumbi.

Siku ya pili yake babu alifika kutoka Kanazi pamoja na baba wadogo, tukaambiwa baba amefia vitani. Niliamini ni mimi. Nilimgawa vipande saba, nikamfungia ndani ya boksi, angerudije? Sikumwambia mtu. Niliolewa na kuzaa nikiwa bado nalibeba jambo hilo.

Mama alipofariki, Mama Adela, kizee tayari, alikuja kukaa nami matangani. Siku moja tukichambua maharage nikamtolea siri yangu. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba katibu wa kijiji alimletea mama taarifa siku kumi kabla ya lile boksi, na yeye Mama Adela alikuwepo. Mama aliwaomba wafunge mdomo mpaka babu afike, maana watoto hawaambiwi msiba bila mkubwa wa ukoo. Kwa hiyo siku zote hizo alitupikia, akatuogesha, akaenda kulima, na huku anajua.

Nikamuuliza, kama alikuwa anajua, alikimbilia nini?

Mama Adela aliendelea kuchambua. "Alitupa jembe," akasema. "Akaniambia, 'Si nilijua wamekosea!'"

Basi, wenzangu, baba sikumuua. Kwa hilo nimepona. Lakini kutoka shambani hadi mlangoni kwetu, mama alikuwa na mume tena, na aliyempa ni mimi, na aliyemnyang'anya ni mimi. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka tunamzika. Natamani angenichapa.